Nauli ya enzi za pantoni ifikie mwisho

Kwa miaka mingi dereva wa lori aliyefika Usagara, barabara ya Sengerema na Geita inapoiacha ile ya Shinyanga, alijiuliza jambo moja: foleni ya kivuko cha Kigongo leo imefika wapi? Ramani ya simu ilimhesabia kilometa, lakini foleni haikuijua, na nyanya hazingoji pantoni. Gharama ya kusubiri iliingizwa kwenye nauli ya mzigo, na aliyeilipa ni mkulima, kwa bei ndogo ya shambani.

Tangu Juni 19, 2025, Daraja la JP Magufuli, lenye urefu wa takriban kilometa 3, limeifuta foleni hiyo. Msafirishaji anayetoza bado kama zamani anapaswa kueleza anachotoza ni nini. Ramani anayoitumia dereva imo pia katika simu ya mfanyabiashara. Kabla ya kupatana bei, atazame mwenyewe umbali na apige hesabu ya mafuta.

Ila asiiamini yote. Ramani hupenda njia fupi, na njia fupi ya kijijini wakati wa masika hupita kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambako lori lililojaa mzigo hulala hata siku mbili. Anayeijua ni mwenye shamba, si setilaiti. Kwa hiyo njia itakayopitwa, na atakayelipia kukwama, vikubaliwe kabla gunia la kwanza halijapakiwa.