Nyundo iliyolegea

Wengi wetu nyundo ikilegea huitia katika ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi imekaza, nasi twafurahi. Kumbe mti umevimba tu, na nyuzi zake zimepondwa na chuma. Ukikauka hunywea kuliko kwanza.

Kwetu chuma kilichomoka tulipokuwa tukitengeneza mlango wa banda la kuku, kikapita karibu na sikio la mtoto aliyetushikia misumari. Mama yake hakusema neno, na hilo lilituuma zaidi.

Tangu siku ile twachonga mpini wa mti mkavu, twapasua ncha yake kwa msumeno, twaipenyeza katika tundu la chuma, kisha twapigilia kabari ya mti mgumu katika ufa. Mtoto bado hutushikia misumari, lakini kwanza huitikisa nyundo mwenyewe.