Bomba likifika, umeme analipa nani?

Kutoka Mugango kwenda Butiama, mkoani Mara, maji hayapandi mlima yenyewe. Yanavutwa kutoka Ziwa Victoria kwa pampu, pampu inakula umeme, na ankara ya TANESCO haisubiri mtu avune. Hotuba za uzinduzi huliruka jambo hili.

Mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama umetumia mabilioni ya benki ya BADEA, ya Mfuko wa Maendeleo wa Saudia na ya Serikali yetu. Rais Samia aliweka jiwe la msingi Februari 2022. Tunashukuru. Ila tusisahau kuwa mradi uliotangulia, kutoka ziwa hilohilo, ulihesabiwa miongoni mwa miradi ya kitaifa, nao ulichakaa huku wananchi wakirudi kwenye visima na malambo.

Mwaka 1971 nchi iliahidi kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Mwaka ukafika, na kilichokuja nao ni sera ya kuchangia gharama. Baadaye vituo vya maji vijijini vilipohesabiwa nchi nzima, takribani 4 katika kila 10 vilikutwa havitoi tone. Vilijengwa, vikakatiwa utepe, vikaachiwa kamati za maji za vijiji.

Kamati hizo tunazijua. Mwenyekiti ni mtu wa watu, mhazini ana daftari, na fedha zinalala mfukoni mwa mtu. Siku pampu inapokufa, daftari nalo halionekani. Si lazima awepo mwizi. Mara nyingi hapakuwa na aliyefundishwa kutenga fedha ya vipuri kabla ya kulipana nauli za kikao.

Sheria ya maji ya 2019 ilileta RUWASA, wakala wa maji vijijini, na chini yake vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vinavyotakiwa kuwa na fundi na mhasibu waliosomea kazi. Ni hatua nzuri. Lakini mhasibu ambaye hesabu zake zinasomwa na meneja wa wilaya tu hatawaridhisha akina mama wanaotoa sarafu kwa kila ndoo.

Tunataka karatasi moja ibandikwe kwenye kila kilula Bunda, Butiama na Musoma Vijijini, kila mwisho wa mwezi: kimekusanywa kiasi gani, umeme umechukua ngapi, fundi kalipwa ngapi, benki kumebaki nini. Iandikwe kwa herufi kubwa. Mwanakijiji akiona umeme peke yake umemeza nusu ya makusanyo, bei ikipanda atanung'unika, lakini atajua sababu. Asipoona chochote, atasema wameiba, na mwezi ujao atarudi lamboni na ndoo yake.

Mgombea atakayesimama jukwaani kuahidi maji ya bure aulizwe papo hapo: luku ya pampu atanunua yeye?

Kuna pia mdaiwa wa ankara za maji, na huyu hana njaa. Shule, zahanati na ofisi za umma huchota mwezi baada ya mwezi na ankara zinarundikana, kwa sababu nani atathubutu kuikatia maji zahanati? Mzigo unamwangukia mnunua ndoo. Wakurugenzi wa halmashauri watenge fungu la maji kwenye bajeti na walilipe kwa wakati, kwa haraka ileile wanayolipia posho za vikao.