Ukuta hauna mizizi

Ndugu msomaji, siku moja tembea kwa miguu toka Kavimvira hadi Kalundu, ziwa likiwa mkono wako wa kushoto. Angalia kila lupango unaloipita. Utaona ukuta wa matofali ya simenti, vipande vya chupa vimepangwa juu yake, na geti la chuma lililopakwa rangi. Ndani ya geti utaona bugenvilia na loriye-roze. Lakini uzio wa mnyaa, ule wa vijiti vya kijani visivyo na majani, ambao wazee wetu waliuzungusha nyumba zao, utauhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ukiuliza sababu utajibiwa haraka: "Papa, ile miti iko ya watu wa kijijini. Siye tuko mujini."

Sisi tunasema hapana. Na tunasema bila kujificha, maana wengi wetu tunaoandika hapa tumejenga ukuta pia.

Kwanza tuujue mti wenyewe. Wenye elimu ya mimea wanauita Euphorbia tirucalli. Jirani zetu wa Rwanda wanauita umuyenzi, na tangu zamani wanautumia kuonyesha mpaka wa shamba na wa nyumba. Wamaasai wanauita emanyara, na inasemekana ndipo Ziwa Manyara la Tanzania lilipopata jina lake. Wasukuma, kule kusini mwa Ziwa Viktoria, huuzungusha miji yao. Watu wa kusini mwa Madagaska nao wanautumia kwa kazi ileile. Basi uzio huu si jambo la kijiji kimoja chenye umaskini. Ni ujenzi wa nusu ya Afrika.

Na tazama maajabu: mti huu wa Afrika ulivuka bahari ukafika India, na Linnaeus wa Sweden alipouandika kitabuni mwaka 1753, aliupa jina la watu wa Malabar, tirucalli. Lakini bugenvilia, ambayo tunaiona kama alama ya maendeleo, asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina lake ni la baharia Mfaransa, Bougainville. Hatuichukii bugenvilia. Ua ni ua, na macho yanafurahi. Tunachokataa ni ile akili ya kusema kwamba cha mbali ndicho bustani, na cha kwetu ni kichaka cha kufyekwa.

Sasa tusikilize wanaotupinga, maana wako na hoja.

Wanasema mnyaa una sumu. Ni kweli. Maziwa yake yakiingia machoni yanaunguza vibaya na yanaweza kumpofusha mtu kwa muda. Wazee walijua hilo, ndiyo maana mtoto alifundishwa mapema asivunje kijiti chake kwa mchezo, na mkataji alijilinda macho. Yakikupata, osha kwa maji mengi bila kukawia, kisha uende kwa muganga wa hospitali. Lakini tuulize: loriye-roze je? Ile inapandwa mlangoni, watoto wanachuma maua yake, na kila sehemu yake ina sumu inayogonga moyo. Mbona hiyo haiitwi ya kijijini? Sumu ya mnyaa angalau ilikuwa na kazi: mbuzi hawauli, kwa hiyo uzio unasimama.

Wanasema ukuta unalinda. Katika mji wetu, ambao umeona vita zaidi ya mara moja tangu mwaka 1996, tunaelewa hofu hiyo na hatuichezei. Lakini tuseme ukweli: ukuta haujamzuia mwenye bunduki. Ulichozuia ni jicho la jirani. Zamani ukipiga kelele usiku, wa pembeni alikuona na kukusikia. Leo unapiga kelele ndani ya sanduku.

Halafu kuna jambo la maji. Uvira imebanwa kati ya milima na ziwa, kama mkeka uliotandikwa kwenye korido. Maji yakishuka mlimani lazima yapite yaende ziwani. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ulifurika, makumi ya watu wakafa na maelfu wakabaki bila nyumba. Hatusemi kwamba mnyaa ungeuzuia mto ule. Atakayesema hivyo ni mwongo. Tunasema kwamba katika mvua za kawaida, zile za kila mwaka, uzio wa miti unapunguza mbio za maji na kushika udongo, lakini ukuta unayafungia njia. Maji yanajaa nyuma yake, yanautikisa, na siku moja unaangukia watu.

Kando ya ziwa ni vilevile. Tanganyika haijawahi kukaa mahali pamoja. Lilikuwa juu sana kabla ya kujifungulia njia ya Lukuga katika miaka ya 1870. Likapanda tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, likapanda mwaka 2020 na 2021, na mwaka 2024 likaingia tena vyumbani mwa watu, huku kwetu na kule Bujumbura. Mwaka ule ukuta wa mmoja wetu, uliojengwa pale matete yalipong'olewa, ulilala ndani ya maji. Pesa ya miaka sita ilikwisha kwa wiki mbili. Matete yanajua kusimama ndani ya maji na kuvunja nguvu ya wimbi, na vifaranga vya samaki vinajificha humo. Maji yakirudi, yanachipua upya. Ukuta ukianguka hauchipui, kwa sababu hauna mizizi.

Kwa hiyo mpango wa wazee ulikuwa na akili: kwenye maji, matete yaachwe, nyuma yake, kwenye udongo mkavu, mnyaa, kwa sababu mti huu unavumilia jua na mchanga lakini haupendi kulala ndani ya maji. Hiyo ndiyo bustani ya mwambao, na haikuhitaji injinia kutoka mbali.

Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Sisi tuko na miti na wajenzi tuko nao. Kinachokosekana ni heshima. Kijana wa leo anajua bei ya mfuko wa simenti, lakini ukimpa kijiti cha mnyaa hajui kukipanda. Basi tumuandikie hapa: kata vijiti mwishoni mwa kiangazi, viache kivulini siku kadhaa mpaka maziwa yakauke, kisha mvua za mwezi wa tisa au wa kumi zikianza, vipande karibu karibu. Baada ya hapo ni kupunguza tu kila mwaka. Gharama yake ni jasho.

Hatuombi mtu abomoe ukuta wake kesho. Tunaomba mambo matatu. Anayeanza kujenga leo, aanze na mnyaa. Mwenye lupango kando ya ziwa, ayaache matete yake. Na walimu wetu wawatoe wanafunzi nje, wawaonyeshe mti huu kabla mkataji wake wa mwisho hajazikwa na ujuzi wake. Sisi wenyewe tutaanza msimu huu wa mvua. Atakayetaka vijiti, atukute, tutamkatia bure.