Tusiwe Vibarua wa Programu Daima

Hapana shaka kwamba biashara ya kuwauzia waundaji programu wa ng'ambo huduma za waundaji programu wetu imewafaa vijana wengi wa Nairobi. Hata hivyo, yaliyotukia Septemba 2019 yangali yananipa mawazo. Kampuni ya Andela, iliyoanzishwa Lagos mwaka wa 2014 na kuingia Kenya mwaka uliofuata, iliwaachisha kazi mamia ya vijana katika Nigeria, Uganda na Kenya. Wateja, wengi wao wa Marekani, walitaka mafundi wenye tajriba, si wanagenzi.

Siilaumu kampuni hiyo. Muuzaji hufuata soko. Nisemalo ni kwamba auzaye saa zake hana lake katika kazi aliyoitenda: programu ikikamilika, huwa mali ya mnunuzi. Infosys ya India ilianza mwaka wa 1981 kwa kuwaandikia wageni programu. Baadaye ikaunda Finacle, programu yake yenyewe, inayotumiwa na benki za nchi nyingi, Kenya ikiwamo.

Kampuni zetu nazo zitenge sehemu ya mapato ya kibarua, ziunde vyao. La sivyo, mteja akibadili nia, watakaobaki mikono mitupu ni watoto wetu.