Ndovu wa Chakula na Pembe Isiyohesabiwa

Upo mchezo wa kompyuta uitwao Age of Empires, uliotolewa mwaka 1997, na ambao kwa matoleo yake mapya ungali ukichezwa na vijana wa mabara yote. Mchezaji hupewa watu wachache, kipande cha ardhi na jina la taifa la kale: Misri, Ashuru, Uajemi au Uyunani. Kazi yake ni kukata miti, kuchimba mawe na dhahabu, kuwinda na kulima, na hatimaye kuunda majeshi ya kuwashinda jirani zake. Katika nyika za mchezo huo hutembea ndovu. Wanakijiji wakimshambulia, ndovu huwageukia, na aliyemwendea peke yake aghalabu hufa. Wakimwendea kwa wingi, ndovu huanguka, nao humkata vipande na kuipeleka nyama ghalani, safari baada ya safari, huku mzoga uliobaki ukioza.

Nyama ya ndovu mmoja huhesabiwa kuwa chakula 300. Ya paa ni 150, ya simba ni 100. Mwanakijiji mpya hugharimu chakula 50. Kwa hesabu hiyo, basi, ndovu mmoja ni sawa na watu sita. Akifa yeye, kijiji huongezeka.

Hesabu hiyo ndiyo inayostahili kupingwa, na inastahili kupingwa hasa katika mwambao huu, kwa sababu hakuna mahali palipojua vizuri zaidi kwamba mambo yalikwenda kinyume chake.

Lakini kwanza ni lazima kuziondoa njiani hoja mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni ya wazee wasemao kwamba michezo ya namna hii ni upuuzi wa kupoteza wakati, na kwamba mtu mzima hana haja ya kujua yaliyomo. Hao wanasahau kwamba kijana anayekaa mbele ya kioo saa tatu kila siku anajifunza kitu, atake asitake. Anajifunza nani alikuwa na dola, nani alikuwa na ngome, na mali ilitoka wapi. Pengine ndilo somo la historia atakalolikumbuka kuliko yote. Kulipuuza ni kumwachia mwalimu mwingine darasa zima.

Hoja ya pili ni ya wale wenye huruma kwa wanyama, wanaochukizwa kuona ndovu akiuawa kwa mzaha. Nia yao ni njema, ila wamelenga pasipo. Kumla ndovu si uzushi. Agatharchides wa Knidos, aliyeandika katika karne ya pili kabla ya Kristo juu ya nchi zilizopakana na Bahari ya Shamu, alieleza habari za watu wa bara waliokuwa wakiishi kwa nyama ya ndovu, hata Wayunani wakawapa jina la walaji ndovu. Alisimulia pia kwamba mfalme mmoja wa ukoo wa Ptolemy, aliyewataka ndovu wakiwa hai kwa ajili ya vita vyake, aliwasihi wawindaji hao waache kuwaua. Walimjibu kwamba hawangebadilisha maisha yao hata kwa ufalme mzima wa Misri.

Jawabu hilo lina fahari yake. Wawindaji hao walikuwa wakila, nao walikuwa na haki ya kula. Kwa hiyo mchezo hautendi kosa kwa kuonyesha nyama. Kosa lake ni kuonyesha nyama na kunyamaza juu ya kilichobaki nyama ilipokwisha. Pembe zimo katika picha. Hazimo katika hesabu.

Ajabu ni kwamba mataifa yaleyale anayoyaongoza mchezaji yaliandika wazi walichokitafuta. Katika karne ya 15 kabla ya Kristo, Firauni Thutmose wa Tatu aliwinda ndovu 120 mahali paitwapo Niy, katika nchi ya Shamu. Habari hiyo imo katika kaburi la askari wake Amenemhab kule Thebes, naye Amenemhab hakuficha sababu: waliwindwa kwa ajili ya pembe zao. Ndovu wa Shamu walitoweka kabisa katika karne zilizofuata. Kijana anayecheza kwa jina la Misri huua ndovu, akapewa chakula, akaendelea mbele. Mmisri mwenyewe angemcheka.

Ama kuhusu mwambao wa Afrika Mashariki, ushahidi haujakatika kwa karibu miaka 2,000. Mwandishi asiyejulikana wa kitabu cha safari za Bahari ya Hindi, Periplus, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, aliutaja mji wa Rhapta katika pwani hii, na katika bidhaa zilizotoka humo alizitaja pembe za ndovu kwa wingi. Mwanzoni mwa karne ya 10 alipita al-Masudi, akaeleza jinsi watu wa nchi ya Zanj walivyowavizia ndovu kwenye maji waliyoyatia majani na magome ya mti wenye kulevya. Akaongeza kwamba pembe zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda Bara Hindi na China. Wakati huo Kilwa ilikuwa bado haijafikia kilele chake na Lamu ilikuwa bado haijatajika, lakini njia ya pembe ilikuwa imekwisha kuchongwa baharini.

Ikaja karne ya 19, na njia hiyo ikawa pana kuliko wakati wowote. Mwaka 1833 Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said, na baada ya hapo pembe za Unguja zikafika Deep River na Ivoryton katika jimbo la Connecticut, zikakatwa kuwa vitana na vibao vya piano. Nyingine zilikwenda Bombay, zikawa bangili za maharusi. Misafara iliondoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na baadaye ikavuka ziwa kuingia Kongo, ambako Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, alijipatia mali na sifa. Pembe ilishuka pwani mabegani mwa watu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Wengi wa wapagazi hao walikuwa waungwana, hasa Wanyamwezi, waliokwenda kwa ujira na kwa kujivunia kazi yao. Wengine walikuwa watumwa ambao hawakuulizwa. Palipokwisha ndovu, misafara ilisogea mbele zaidi, na palipokosekana pembe za kununua, vijiji vilivamiwa.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Katika mchezo huu mzigo huo haufikii hata kuwa usufi, kwani haupo kabisa. Mwindaji hutembea hatua chache kutoka kwenye mzoga hadi ghalani, akatua nyama, akarudi. Hapana aliyeugua njiani, hapana aliyeachwa chini ya mti, hapana mjane. Hapa ndipo ile hesabu ya awali inapogeuka kuwa uongo. Mchezo unasema ndovu mmoja huzaa watu sita. Historia ya pembe inasema ndovu aliyekufa aliwafuata watu, akawachukua.

Watetezi wa mchezo watasema kwamba huu ni mchezo tu, na kwamba mchezo hauwezi kubeba kila kitu. Ni kweli kwamba hauwezi. Lakini tazama ulivyoamua kubeba. Umetenga chakula, miti, mawe na dhahabu, kila kimoja na hesabu yake. Umekumbuka kwamba nyama ya mzoga huoza. Umeweka mashua za biashara zinazokwenda bandari ya jirani na kurudi na dhahabu. Aliyeyafikiri yote hayo, mpaka kuoza kwa nyama, hakukosa nafasi ya pembe. Mashua ipo, bandari ipo, dhahabu ipo, na ndovu amelala chini. Kilichoondolewa ni kile kimoja tu ambacho kingeviunganisha vyote, na pamoja nacho wameondolewa watu waliokibeba.

Hata ndovu wa vita hajaunganishwa na ndovu wa nyikani. Katika mchezo huohuo ndovu wa vita hutoka katika banda la farasi, kwa malipo ya chakula na dhahabu, kana kwamba hajawahi kuwa na mama porini. Wafalme wa ukoo wa Ptolemy walijenga kituo kizima katika ufuo wa Bahari ya Shamu, Ptolemais ya Mawindo, kwa ajili ya kuwapata ndovu hao wakiwa hai. Mchezo umefuta kituo, wakamataji na safari ya baharini.

Wala ugonjwa huu haumo katika mchezo mmoja pekee. Katika ule uitwao Civilization VI, wa mwaka 2016, pembe za ndovu zimo, na zinahesabiwa kuwa bidhaa ya anasa. Mchezaji hujenga kambi juu ya ardhi yenye alama ya ndovu, na raia wa miji yake wakapata raha. Huko pembe ipo, lakini hayupo mwindaji, hayupo mpagazi, wala hayupo ndovu aliyekufa. Na Zanzibar yenyewe imo, imewekwa kuwa mji mdogo unaojitawala, na zawadi yake kwa rafiki mkuu ni mdalasini na karafuu. Mtoto wa Unguja huliona jina la kisiwa chake, akafurahi, na ana haki ya kufurahi. Asichoambiwa ni kwamba mikarafuu ile ilipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa, na kwamba kabla ya karafuu kuwa kitu, kisiwa kilinuka pembe. Mchezo mmoja umechukua nyama ukaacha pembe. Mwingine umechukua pembe ukaacha damu. Na Zanzibar imebakiziwa harufu nzuri.

Je, jambo hili lina uzito gani leo? Lina uzito kwa sababu njia ya pembe haijawa makumbusho. Mwaka 2009 ndovu wa Tanzania walikadiriwa kuwa karibu 109,000. Mwaka 2014 walibaki karibu 43,000. Na hayo yalitokea robo karne baada ya mataifa kukubaliana, mwaka 1989, kuipiga marufuku biashara ya pembe duniani. Ndovu hao hawakuuawa kwa sababu ya njaa. Kijana aliyefundishwa na kioo kwamba ndovu huuawa ili kijiji kile, atawatazama majangili kama watu waliotafuta kitoweo. Hatajua kuuliza swali la kwanza linalofaa kuulizwa: pembe imekwenda wapi, na nani ameinunua?

Dawa yake ni nyepesi, na mtengenezaji yeyote wa michezo anaweza kuitia. Ndovu aangukapo, nyama na ihesabiwe, lakini pembe mbili zibaki chini. Ziwe na thamani kubwa ya dhahabu, ila zisitembee zenyewe. Mchezaji alazimike kuwatoa wanakijiji mashambani ili wazibebe hadi bandarini, na mashamba yaliyoachwa yakose mavuno. Achague mwenyewe. Mchezo hautapungua utamu. Utazidi, kwa kuwa uchaguzi wenye gharama ndio utamu wa mikakati. Na vijana wa mwambao wanaojifunza kuandika programu za kompyuta wasingoje wageni wawafanyie.

Lakini lipo deni jingine, nalo ni la watu wa kalamu. Mwambao huu ulikuwa na namna yake ya kumhesabu ndovu kabla ya kompyuta. Siwa ya Pate, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, ilichongwa kwa pembe za ndovu, nayo ni ndefu kuliko mtu mzima. Ilipigwa katika harusi za wakubwa na katika sherehe za utawala. Aliyeisikia alisikia ukuu wa mji, na ndani yake ndovu wa bara aliyeletwa mpaka kisiwani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir naye, katika Al-Inkishafi, alisimama mbele ya majumba ya Pate yaliyokuwa magofu, akauliza wako wapi waliokuwa nayo. Huo ndio uhodari wa ushairi wa pwani: kuitazama mali mpaka aonekane aliyeipata na aliyeipoteza.

Swali hilo bado halijaulizwa kwa ajili ya aliyeibeba. Yapo mashairi mengi ya jahazi, ya karafuu na ya mwambao wenyewe. Shairi la mpagazi wa pembe ni nadra. Basi washairi wasiwalaumu mno watengenezaji wa michezo kwa kusahau kile ambacho diwani nyingi za hapa nazo zimekisahau. Malenga anayelalamika kwamba vijana wamehamia kwenye kioo na awafuate hukohuko kwa utungo unaomtaja mtu mwenye frasila mbili begani, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo. Kijana aliyeusikia, atakapomwangusha tena ndovu wa chakula 300, ataziangalia zile pembe zilizochorwa, na atajua kwamba hesabu haijakamilika.