Vioo viwili Port Bell: mzigo wa nani?
Dirisha la vioo viwili lilibuniwa kwa nchi za baridi. Kampala, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, haiwashi hita. Kinachosumbua ni jua, na vioo viwili visivyo na rangi hulipunguza kidogo tu. Upenu mrefu hufanya zaidi. Kwa anayeshusha mzigo Port Bell, hatari ni nyingine: dirisha hilo halikatwi upya. Kipimo kikikosewa, ni hasara. Gundi ya ukingoni ikiachia safarini, ukungu huingia katikati, haufutiki. Kioo bapa cha Mkuranga, Tanzania, fundi hukikata palepale. Kikiwa na cheti cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya, hakitozwi ushuru wa forodha. Vioo viwili viagizwe pale tu mteja amekwisha kulipa, hasa yule anayekimbia kelele za barabara.