Tumtaje Mpiga Besi Angali Hai

Mwaka 1970 Wilson Kinyonga na ndugu yake William, vijana waliokwisha kujulikana Tanga katika Jamhuri Jazz, walihamia hapa Arusha, na pamoja na ndugu yao George wakaunda Arusha Jazz. Hawakudumu. Mwaka uliofuata walivuka mpaka wakaenda Nairobi, na huko wakawa Simba Wanyika, bendi ambayo muziki wake Afrika Mashariki nzima iliucheza. Mji wetu una haki ya kujivunia kwamba safari ile ilipitia kwetu. Lakini ukiwauliza watu wanakumbuka nini, watakutajia sauti ya George na gitaa la solo la Wilson, basi. Gitaa zito la besi halina mwenyewe.

Tazama sasa yaliyotokea mwaka 1978. Wanamuziki watatu waliondoka Simba Wanyika: Omar Shabani wa gitaa la ridhimu, Rashid Juma wa drams, na Tom Malanga wa besi. Hakuondoka mtunzi mkuu, wala mpiga solo. Waliondoka wale ambao mchezaji dansi huwafuata kwa miguu bila kuwatazama. Watatu hao ndio waliosimamisha bendi ya Les Wanyika, na hata kabla mwimbaji John Ngereza hajajiunga nao, uzito wa muziki ulikuwa tayari mikononi mwao. Simba Wanyika ilijipanga upya ikaendelea kupendwa miaka mingi, na sisemi kwamba ilikufa. Nasema kwamba mwaka ule wapenzi wa dansi walioneshwa waziwazi bendi inasimama juu ya nani, na wengi wetu hatukuzingatia.

Msikilize Malanga katika Sina Makosa, wimbo wa Les Wanyika. Hajazi kila nafasi. Hupiga nota chache zenye uzito, kisha hunyamaza, na katika kunyamaza kwake ridhimu ya Omar Shabani hupata njia ya kupita. Mmoja akiuliza, mwingine hujibu. Kijana anayeanza gitaa hudhani ustadi ni wingi wa vidole. Na akae na wimbo huu mmoja kwa juma zima, afuate besi peke yake, aache kabisa waimbaji. Ataelewa kwamba kujua pa kunyamaza ni elimu, tena elimu inayochelewa kuja.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyoonekana. Besi ina nyuzi nne nene, na ule wa chini kabisa hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, sauti ambayo kifua huipokea pamoja na sikio. Mpigaji lazima akubaliane na mguu wa mpiga drams, aitangulie nota ambayo mwimbaji anaiendea, na arudie mzunguko uleule dakika kumi bila kuharakisha wakati ukumbi umepandwa na mori. Mwimbaji akisahau neno atatabasamu na watu watamshangilia. Mpiga besi akiteleza, ukumbi mzima hujikwaa. Na sisi wa pande za Meru hatukuanza jana kuijua thamani ya sauti ya chini: Wamasai huimba bila ngoma, olaranyani, yaani mwimbishaji, akaongoza juu, na vifua vya wanaume vikashika mdundo kwa chini. Ndiyo maana kundi la X Plastaz la hapa Arusha lilipouingiza uimbaji huo katika hip hop, ulikaa mahali pake bila taabu.

Kutomtaja mpiga besi si kosa letu peke yetu. Kule Detroit, Marekani, James Jamerson alipiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown zilizotikisa dunia miaka ya 1960. Jina lake halikuandikwa kwenye santuri kubwa ya kampuni hiyo hadi mwaka 1971, katika What's Going On ya Marvin Gaye. Alifariki mwaka 1983, akiwa na miaka 47. Aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2000. Heshima hiyo aliipokea nani? Tuseme kweli: kumsifu mtu miaka kumi na saba baada ya mazishi yake ni kujifariji sisi wenyewe.

Wako watakaonijibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mpiga besi wetu hajaonja sifa hata ya kumlevya. Lakini sifa inapotolewa, huzaa matunda. Dar es Salaam, katika bendi ya Mlimani Park, mpiga besi Suleiman Mwanyiro alijulikana kwa jina la Computer, na jina hilo ni ushahidi kwamba palikuwa na masikio yaliyosikia kazi yake yakaona inastahili kupewa jina. Masikio hayo tunayo na sisi, Kaloleni, Ngarenaro, Usa River na Tengeru.

Basi tufanye nini? Mshereheshaji anapowatambulisha wanamuziki kwenye harusi, asiishie kwa mwimbaji. Mtangazaji wa redio anapopiga dansi la zamani, na aseme ni nani aliyeshika besi. Wenye kwaya makanisani, nawasihi zaidi ninyi, kwa kuwa vijana wengi wa Meru huligusa gitaa kwa mara ya kwanza mikononi mwenu: msikubali mkono wa kushoto wa kinanda uichukue kazi yote ya besi kwa sababu ni rahisi. Kinanda ni chombo kizuri na sikipingi. Ila kijana asiyepewa nyuzi nne leo hatakuwa na la kumfundisha mwenziwe kesho, na mzee aliyezijua ataondoka nazo.

Wazee waliopiga katika bendi za mji huu, wale walio hai, wafuatwe majumbani mwao, waulizwe, warekodiwe hata kwa simu ya mkononi. Na kila mwenye picha ya zamani ya bendi, iwe sandukuni au ukutani, aigeuze leo aandike nyuma yake jina la aliyeshika gitaa zito, bendi, ukumbi na mwaka. Na kama halijui, aipeleke kwa anayelijua juma hili hili.